Mstari Mwekundu wa Mtaa wa Chini

Benchi la mji mdogo wa Ponthirwen limeegemea duka la mikate la Heulwen, pale daraja linapoanzia, na kila siku isiyo Jumapili, ikitimu saa nne asubuhi, limejaa. Upande wa mto hukaa Nesta Sufu, muuza nyuzi, kwa sababu anataka kuuona mto kabla mto haujamwona yeye. Anayefuata ni Ifor Jeneza, seremala, mtu mpole ambaye nusu ya mji ameshawapima kwa macho tu. Katikati ni Emrys Posta, aliyepeleka barua miaka thelathini na minane na bado anaamini anajua kilichomo ndani ya kila bahasha. Mwishoni, mguu mmoja nje kama mtu anayeondoka, ni Gethin Kondoo, ambaye malisho yake yako ng'ambo ya mto. Majina ya ukoo bondeni humu ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake, na akifa huzikwa nayo. Asubuhi ile ya Machi Heulwen alikuwa ameshatoa birika la kahawa, lakini hakuna aliyeigusa. Wote wanne walikuwa wamekodolea macho mlango wa duka, ambapo ofisi ya mito ilikuwa imebandika ramani ya ukuta mpya wa kuzuia mafuriko.

Ukuta wenyewe ulikuwa habari njema. Ule wa zamani ulikuwa mfupi, una nyufa, na mizizi ya miti imeupasua kama mkate. Huu mpya ungeuzidi kwa mita nzima, uwe na tuta la udongo upande wa shule na lango la chuma darajani. Kwenye ramani ulikuwa mstari mwekundu. Mstari ukaja vizuri kando ya mto, ukafika kwenye kiwanda cha zamani cha sufu, halafu, kama mtu aliyeona mbwa mkali mbele, ukakata kona, ukapanda kilima na kupita nyuma ya nyumba kumi na moja za Mtaa wa Chini. Nyumba hizo zikabaki nje, zimeachiwa mto. Ya nne ilikuwa ya Nesta.

— Hebu soma tena pale chini, Nesta alisema.

Emrys akavaa miwani, ingawa maneno yale alikuwa ameshayakariri.

— "Wakazi wanaohusika watasaidiwa kuhama kwa hiari."

— Kwa hiari ya nani?

— Hawajaandika.

— Basi naandika mimi.

Nesta akachomoa kalamu nene anayoandikia vibandiko vya nyuzi, akaenda mlangoni, na juu ya ramani ya serikali, kwa herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza, akaandika: SIHAMI.

Heulwen akatoka mbio, unga hadi viwikoni.

— Nesta! Huo mlango wangu!

— Mlango wako mzima. Nimeandika kwenye karatasi yao.

Heulwen akaitazama ile karatasi, kichwa upande.

— Ungeandika kubwa zaidi kidogo, alisema, kisha akaanza kumimina kahawa.

Nesta akarudi kukaa. Miaka mitano iliyopita maji yalifika rafu ya tatu dukani mwake. Nyuzi zilivimba kama mikate, rangi zikachujuka, na yale maji ya tope yakatoka mlangoni mwake mekundu na buluu mpaka nje. Miezi minane aliishi chumba cha juu na jiko la gesi, anakuna ukuta, anakausha, anapaka. Kabla ya hapo alikuwa ameshafanya hivyo mara moja. Wazo la kuhama halikumjia hata ndotoni, na sasa mtu asiyemjua alikuwa amemhamisha kwa penseli.

— Mimi nawaambia, Emrys alianza, huyu aliyechora aliishika ramani kichwa chini. Yaani kwake yeye mto unapanda mlima.

— Acha zako, Ifor alisema. Majina si yameandikwa hapo? Angeyasomaje?

— Hawasomi wale! Wanakisia! Nimebeba barua zao maisha yangu yote. Imeandikwa Mtaa wa Juu, ya mtu wa Mtaa wa Chini. Imeandikwa bwana fulani, kumbe bwana mwenyewe Ifor kamzika mwaka juzi.

— Mimi naona ni utalii, Ifor alisema taratibu. Wanauacha mtaa uzame makusudi. Halafu wanaleta mashua yenye sakafu ya kioo. Wageni wanapita juu, wanaambiwa, tazameni chini, hapo palikuwa na jiko la Nesta.

— Watanikuta jikoni, Nesta alijibu. Nitawapungia mwiko.

— Nyie mnacheza tu, Gethin alisema, na mguu wake wa nje ukapiga chini. Kwangu wamekuja mara mbili. Wanapenda malisho yangu ya bondeni, wanataka kuyapima. Nimewaambia getini, hata unyasi mmoja hamchukui. Wakija mara ya tatu nawafungulia kondoo dume.

— Nani kataja kwako? Kwako ni ng'ambo.

— Mstari ukishaanza kutembea, Emrys, haujui ng'ambo.

Emrys akasogea mbele, akashusha sauti, jambo ambalo hufanya anapotaka kusikika mpaka kanisani.

— Mnataka ukweli? Ni fisi maji.

— Eti nini?

— Fisi maji. Wale wanyama wa mtoni wanaolala chini ya kiwanda. Baba, mama na mtoto. Wale wana sheria yao, wana faili lao. Huwezi kugusa hata jiwe karibu na shimo lao bila ruhusa. Sasa fikirini wenyewe. Ukuta ukipita mbele ya nyumba, fisi maji wanakosa njia. Ukipita nyuma, anakosa njia Nesta. Ofisi imepima, imeona nani mzito.

— Yaani mimi nimeshindwa na fisi maji?

— Kwenye karatasi, dada. Kwenye karatasi tu.

Ifor alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Hapo ndipo walipogundua kwamba kuna mtu amesimama kando ya dirisha la duka: msichana wa miaka kama thelathini, buti za mpira zimejaa matope, fimbo ndefu ya kupimia begani.

— Samahanini wazee wangu. Kahawa hii ni ya watu wote?

— Ni ya wanaojieleza, Emrys alisema. Wewe ndiye uliyeishika ramani kichwa chini?

— Mimi nashika fimbo tu. Naitwa Elliw, natoka ofisi ya mito. Ramani walichora wakubwa.

Heulwen akampa kikombe. Yule msichana akainywa kahawa huku anasoma maandishi ya mlangoni.

— Nani kaandika?

— Mimi, Nesta alisema. Na wino haufutiki.

— Huhami wapi, mama?

— Nyumba ya nne, Mtaa wa Chini.

Elliw akafungua faili lake kwenye paja la Ifor, maana hapakuwa na mahali pengine. Akapitisha kidole. Akarudia.

— Nyumba?

— Nyumba. Ina mlango, ina paa, ina mimi.

— Hapa nimeandikiwa maghala, mama. Maghala ya sufu, kumi na moja. Hayana watu.

Kweli yaliwahi kuwa maghala, enzi za kiwanda, kabla Nesta hajazaliwa. Kiwanda kilipofungwa wafanyakazi wakatoboa madirisha, wakajenga mabomba ya moshi, wakaleta vitanda. Kila mtu bondeni alijua. Karatasi peke yake ndiyo haikuambiwa.

— Na fisi maji? Emrys aliuliza.

Elliw akageuza ukurasa.

— Fisi maji wameandikwa. Watatu.

Emrys akasimama, akakaa, akasimama tena. Tangu alipostaafu na kuja kwenye benchi lile alikuwa hajawahi kuwa sahihi hata siku moja, na hakujua aufanye nini uso wake.

— Kwa hiyo niambieni, Elliw alisema, akatoa kalamu. Mtaa wa Chini wanalala watu wangapi?

— Ishirini, Ifor alisema.

— Ishirini wapi? Kumi na tisa, alisema Emrys. Hapana. Yule wa nyumba ya tisa alihama. Au alirudi?

Wakamgeukia Nesta, aliyeishi mtaa ule miaka arobaini na minne. Akafungua mdomo. Ndipo alipoona kwamba hajui. Alikuwa tayari kuipiga ofisi nzima kwa mwiko kwa kutomhesabu, na yeye mwenyewe jirani zake hakuwahi kuwahesabu. Hilo lilimuuma kuliko ramani.

— Nipe mpaka kesho, alisema.

Siku ileile, mchana, akafunga duka, akamchukua Ifor na daftari, wakaanza nyumba ya kwanza. Huko walimkuta Bogumił, anayefanya kazi machinjioni, na mkewe na watoto watatu, pamoja na mama mkwe aliyekuja kutembea miaka miwili iliyopita na hajaondoka. Nyumba ya tatu kulikuwa na pacha ambao Nesta alidhani ni mtoto mmoja mwenye kiherehere. Nyumba ya sita, bibi kizee Prydderch, mwenye miaka tisini na moja, alikataa kufungua mlango alipomwona Ifor.

— Bado! alifoka kupitia kitundu cha barua. Mwambieni arudi na kamba yake!

— Hatujaja kukupima, bibi! Tumekuja kukuhesabu!

— Kwa ajili ya nini?

— Wanasema hatupo!

Mlango ukafunguka.

— Nani anasema?

Nyumba ya nane ya mjane Beynon ndiyo iliyowapa shida. Mjane alisimama mlangoni, na nyuma yake, kwenye kiti cha jikoni, soksi miguuni, alikaa mwalimu wa kwaya ya kanisa, ambaye mji mzima ulijua anaishi kwa dada yake kilimani. Ifor akatazama juu, anakagua mbao za dari. Nesta akashika kalamu.

— Nikuandike, alisema, mmoja?

Mjane Beynon akavuta pumzi.

— Unapeleka wapi hilo daftari?

— Ofisini. Na benchini litafika tu, unajua mwenyewe.

— Andika wawili, alisema mjane. Na andika kwa wino.

Jua lilipozama walikuwa wamepata watu thelathini na wanne.

Elliw alilichukua daftari kwa mikono miwili, akalipeleka kwa wakubwa wake. Baada ya wiki mbili akarudi benchini akiwa amenyong'onyea. Muda wa kupokea maoni ulikuwa umepita, wamemwambia. Daftari la mkono halitambuliki. Waandike upya kwa fomu, mwaka ujao, kwa awamu ya pili.

— Mwaka ujao kuna mafuriko mangapi? Nesta aliuliza.

Gethin ndiye aliyeinuka, akamwaga mashapo ya kahawa yake barabarani.

— Lori langu la kondoo linabeba themanini, alisema. Watu sijui, lakini hawana sufu nyingi. Nitaliosha.

Basi Jumanne iliyofuata watu wa Mtaa wa Chini, wote, wakapanda lori la Gethin. Bibi Prydderch alikaa mbele kwa dereva na kofia ya kanisani. Wengine walisimama nyuma wameshikilia vyuma, pacha wanalia kama kondoo kila wanapopita mtu, mwalimu wa kwaya ameshikana mkono na mjane wake mchana kweupe. Walishuka mbele ya ofisi ya mito, wakaingia mapokezi mpaka mlango ukashindwa kufunga.

— Mna miadi? aliuliza kijana wa mapokezi.

— Hatuna, Nesta alisema. Tumekuja kuhesabiwa.

— Kuhesabiwa?

— Nyie mna maghala matupu kumi na moja. Hawa ndio waliokuwemo. Hesabuni, tunangoja.

Na wakangoja. Walikaa sakafuni, kwenye ngazi, kwenye dirisha. Mama mkwe wa Bogumił akagawa maandazi. Saa saba mkubwa mmoja akashuka kwenda kula, akakuta hakuna pa kukanyaga. Bibi Prydderch akamshika suruali.

— Wewe, alisema. Mimi ni ghala la ngapi?

Mkubwa yule hakula chakula cha mchana siku hiyo. Alichukua karatasi, akahesabu mwenyewe, mmoja mmoja, na jina.

Mwishoni mwa Mei, asubuhi yenye jua, Elliw akatokea tena mbele ya duka na bomba la ramani kwapani. Benchi lilikuwa kamili. Akaikunjua mapajani mwao wanne, na mstari mwekundu ukaja kando ya mto, ukafika kiwandani, na badala ya kukata kona ukaenda moja kwa moja, mbele ya nyumba, kati ya Mtaa wa Chini na maji.

Emrys alipiga yowe. Heulwen alitoka na mkate wa zabibu kavu uliokuwa umeagizwa na mtu mwingine, akaukata. Ifor, ambaye hagusi watu ila kwa kazi, alimkumbatia Nesta. Na Nesta akaufuata mstari ule kwa kidole, akaurudia, akapita mlango wake mara tatu.

— Tumewashinda, Emrys alisema. Tumewashinda na fisi maji wao!

— Fisi maji wamewekewa njia ya chini kwa chini, Elliw alisema. Wako salama.

Lakini hakuwa anacheka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa bado.

— Una nini wewe? Nesta aliuliza. Mbona kama umefiwa?

— Naomba kuwauliza kitu, mama. Na wakubwa wangu nimewauliza, wamesema tutaona. Mto ukijaa, siku zote maji yalikuwa yanaingia Mtaa wa Chini. Yanakaa pale, yanapungua, yanatoka. Sasa tunayafungia mlango. Maji ni yaleyale, hayajapungua hata ndoo moja. Yatakwenda wapi?

Birika lilikuwa limekwisha na Heulwen hakwenda kulijaza.

Nesta aliitazama ramani. Miezi mitatu alikuwa ameitazama kila siku na hakuwahi kuona chochote ila ule mstari. Sasa aliona mto. Chini, baada ya daraja, palikuwa na kijiji cha Felin, nyumba ishirini na shule ambayo uwanja wake unagusa maji. Upande wa juu wa mto, kabla ya daraja, ng'ambo, palikuwa na eneo moja tu tambarare ambapo maji yangeweza kutulia, kijani, lenye umbo la kiatu. Alilijua. Kila masika aliliona kutoka dirishani mwake, jeupe kwa kondoo na watoto wao.

Hakuinua macho. Alijua kwamba akiinua, yataangukia mahali pamoja.

— Msinitazame, Gethin alisema.

— Hakuna anayekutazama, alisema Emrys.

— Mnanitazama kwa kutokunitazama! Mnadhani sijui? Walikuja getini mara mbili. Nilijua wanachotaka kabla nyie hamjajua.

Akasimama. Sauti yake, ambayo kwa kawaida hutumika kuita mbwa kilimani, ikajaa barabara nzima.

— Babu yangu alikuwa na shamba kule juu. Unajua liko wapi leo, binti? Chini ya bwawa lenu. Walimletea barua. Mji wa mbali una kiu, kwa manufaa ya wengi. Akafukuzwa na kitanda chake mgongoni, na maji ya shamba lake yakaenda kunywewa na watu wasiojua hata kulitaja jina la bonde hili. Wamechukua la juu. Sasa wanataka la chini. Malisho yale ndiyo wanapozaliwa kondoo wangu wote. Wote!

— Gethin, Nesta alisema.

— Na wewe usiniambie!

— Sikuombi. Nisikilize. Nesta aliinuka pia, ramani ikateleza chini. Kama ni shamba lako kuchukuliwa, mimi sitaki. Elliw, urudishe mstari nyuma ya nyumba yangu. Nimekaa na maji mara mbili, nitakaa nayo ya tatu. Mimi nilisema sihami. Sikusema ahame yeye.

Alisema kwa sauti kavu na alimaanisha, na hapohapo akaogopa, maana alikumbuka wale pacha, na bibi Prydderch, ambaye mafuriko yaliyopita alitolewa dirishani kwenye ndoo ya trekta. Trekta lilikuwa la Gethin. Watu thelathini na watatu wengine hakuwauliza.

Gethin akavuka daraja, hakuaga.

Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja. Jumatatu benchi lilikaliwa na watu watatu na nafasi ya mmoja, na Emrys alijaribu nadharia kwamba Gethin ana mafua, lakini aliitoa bila nguvu, ikafia njiani. Nesta alifungua duka, akafunga, akafungua. Mara mbili alifika katikati ya daraja na mara mbili alirudi. Angemwambia nini? Pole ni neno dogo mno, na tafadhali lilikuwa limeshatumiwa na serikali.

Alhamisi, saa nne kamili, Gethin akavuka daraja na mbwa wake, akakaa mahali pake. Safari hii miguu yote miwili ilikuwa ndani. Elliw alikuwa pale, ameitwa kwa simu, hakuambiwa kwa nini.

— Toa kalamu, Gethin alisema.

Akatoa.

— Andika. Gethin wa ng'ambo ametoa malisho yake ya bondeni, mto ukae siku zake za kujaa, kisha utoke. Ametoa. Usiandike imekubaliwa, usiandike yametwaliwa kwa manufaa ya wengi. Ukiandika hivyo nakitupa mtoni hicho kitabu na wewe nakufikiria.

— Ametoa, Elliw alirudia, anaandika.

— Shamba linabaki langu. Jina langu. Maji ni mgeni, yanakuja, yanaondoka, mwenyeji ni mimi. Ofisi yako inanijengea banda la kuzalia kule juu kilimani, kabla haijaweka hata tofali moja la ukuta huu. Kabla, umesikia? Si baada.

— Watakataa hilo la kabla.

— Lori bado ninalo, alisema Gethin.

Nesta akafungua mdomo kushukuru.

— Nyamaza, Gethin alimwahi. Shukrani sitaki. Nitazifanyia nini? Mimi nina kondoo mia mbili na arobaini na mbwa mmoja mzee. Kengele ya mto ikilia, nina saa tatu za kuwapandisha. Nyie siku hizo mlikuwa mnabeba mazulia kuyapeleka ghorofani. Sasa hamna tena zulia la kubeba. Nataka mikono.

— Utaipata.

— Yote?

— Mpaka ya mwalimu wa kwaya.

Walikataa hilo la kabla, kama Elliw alivyosema. Gethin akaliosha lori tena. Ikatosha waambiwe mapokezi kwamba limeoshwa. Banda lilikamilika Septemba, ukuta ukaanza Oktoba, na Nesta alitazama kila jiwe likipanda mbele ya dirisha lake. Ulimnyima kuuona mto akiwa amekaa, ikambidi anunue kiti kirefu. Mwaka mwingine ukapita, na lango la chuma likawekwa darajani.

Januari iliyofuata, baada ya siku nne za mvua, kengele ikalia saa mbili asubuhi. Mtaa wa Chini haukuinua zulia hata moja. Milango kumi na moja ilifunguka, watu wakatoka na makoti na fimbo za ufagio, wakavuka daraja kabla lango halijafungwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumswaga kondoo. Mwalimu wa kwaya alijaribu kuwaimbia. Pacha walikimbia upande usiofaa na nusu ya kundi likawafuata. Bibi Prydderch alikaa kwenye gari la Heulwen pale getini, dirisha wazi, anahesabu kwa sauti na kutukana. Bogumił peke yake ndiye aliyejua kondoo hushikwa wapi, na kondoo nao walijua kazi yake, wakamkwepa.

— Sukuma makalio, Nesta! Gethin alipaza sauti katika mvua. Usimbembeleze! Sukuma!

Nesta alisukuma. Aliteleza, akala matope, akasukuma tena. Nyuma yake mto ulipanda ukingoni, ukasita kidogo, kisha ukaingia malishoni kwa upana wote, bila kelele, ukafunika nyasi, ukafunika nguzo za kwanza za uzio. Gethin alisimama anautazama.

— Mimi nadhani, Emrys alianza, anahema, maji haya mwaka huu yana kitu ndani yake, kwa sababu ukiangalia rangi...

— Emrys, Gethin alisema. Bado kumi na wawili kule kwenye kona.

Wakatazama kule. Maji yalikuwa yameshafika magotini mwa kondoo.

Nesta akavua miwani yake, akaitia mfukoni, akashuka majini kuwafuata.